Shangazi na Sauti ya Mtangazaji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutetea haki za wabunifu, wakili wetu mkuu, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi. Hata mlinzi wa getini, aliyemzidi umri, humwita hivyo, naye huitika bila kinyongo.

Alianza na nembo za sabuni na majalada ya vitabu. Akili bandia ilipoingia, wengi wetu tuliingia mitini. Yeye aliwaita wataalamu wa kompyuta, akawaandalia chai, akawataka wamweleze mashine zao bila neno hata moja la kitaalamu. Aliyeshindwa hakuongezwa chai, na wapo waliotoka na kiu yao. Nasi alitufundisha hivyo hivyo.

Kesi iliyomgusa zaidi ilikuwa ya dada mmoja, mtangazaji wa redio. Kampuni fulani ilichukua vipindi vyake bila ruhusa, ikaifundisha mashine kuzungumza kama yeye, kisha ikaitumia kuuza dawa ambazo hakuwahi kuzigusa. Mama yake mzazi alizinunua, akidhani ni bintiye anayemshauri. Dada wa watu alikuja ofisini analia, na redioni walishaanza kujiuliza kama bado wanamhitaji.

Kampuni ilishikilia kwamba sauti hizo mbili hazifanani hata kidogo. Mahakamani, Shangazi alisema anaanza na sauti ya mtangazaji, akabonyeza kitufe cha rekodi. Wakili wa kampuni akasimama kuisifu: hiyo ndiyo sauti ya binadamu, mashine yao ingeipata wapi! Hapo mtangazaji akamvuta Shangazi joho, akamnong'oneza, "Shangazi, huyo si mimi."

Alikuwa amechanganya rekodi; iliyosikika ilikuwa ya mashine. Aliomba radhi papo hapo, na wakili wa kampuni akaketi taratibu. Wapo wanaodai ulikuwa ujanja. Ujanja gani! Kwenye lifti aliniapia kwamba alikosea kweli. Kampuni ilipigwa marufuku kuitumia tena sauti ile.

Shangazi, asante kwa ukali wako na huruma yako. Pengo lako tutaliona kila asubuhi. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana, na wajukuu wasiobishana kama mawakili.

Maneno haya nimeyaandika mimi, jirani yako wa dawati, lakini nimekosa ubavu wa kuyasoma bila kulia. Anayekusomea sasa hivi ni yule mtangazaji. Msikilize vizuri, Shangazi. Ndiye mwenyewe.