Mkono wa Adabu

Ndani ya basi la mjini Matsuyama, Japani, mlikuwa kimya kama kawaida, kwa hiyo Bi Isogai, aliyekaa nyuma ya wapenzi wawili wa chuo na mfuko wake wa vitunguu, hakuhitaji hata kutega sikio.

"Wamisionari wa Kimarekani wana wiki moja tu chuoni, wewe tayari umeokoka?" Chinami alimfokea mpenzi wake, Ryohei, kwa kunong'ona.

"Sijaokoka, jamani! Dada Kelsey kauliza nani anampokea Yesu, ukumbi mzima kimya. Mgeni katoka mbali, tumwaibishe? Nikanyoosha mkono."

"Angekuwa mzee mwenye kipara ungenyoosha?"

Ryohei akatazama dirishani.

"Na huo ubatizo wa Jumapili?"

"Wameshakodi bwawa, Chinami. Nitakataaje sasa?"

Chinami akamgeukia. "Nilipokwambia nakupenda, ukajibu 'sawa' tu. Na ule ulikuwa mkono wa adabu?"

Bi Isogai, ambaye mwenyewe zamani alikubali kuolewa ili tu asimwaibishe mshenga, aliinama kukagua vitunguu.

Ryohei akanyoosha mkono taratibu, akabonyeza kengele ya kushuka. Kituo chao kilikuwa bado mbali.

Basi likasimama, dereva akamsubiri ashuke.