Goti la Muzamili

LATIFAH: Haloo? Nani? Sema kwa nguvu, simu iko kwa bega tu.

SHAFIKI: Salaam aleikum, shemeji. Ni Shafiki, huku Koboko. Ule mguu ndugu yangu Muzamili alivunja, wamefunga?

LATIFAH: Aleikum salaam. Wamefunga. Mimi nashika goti.

SHAFIKI: Unashika— kwani ile kadi ya bima niliyomkatia imekataa?

LATIFAH: Haikukataa. Kliniki ya kadi walifunga plasta kutoka kwa vidole mpaka chini ya goti. Laini kama sahani. Goti, wakasema, linataka ruhusa yake kutoka Kampala.

SHAFIKI: Ungempeleka hospitali ya serikali. Si bure—

LATIFAH: Ndiko tuko. Bure kabisa. Kazi ya wengine hawagusi, basi wakaanza juu, kwa paja. Nesi mpole, anamwita baba. Plasta ikawaishia juu ya goti.

(Mtandao unakwaruza.)

SHAFIKI: Kwa hiyo katikati—

LATIFAH: Katikati ni mimi, tangu adhuhuri. Goti likicheza, mguu unapona umepinda.

SHAFIKI: Sasa, wewe umeonja zote mbili, ya kadi na ya bure. Ipi iko bora?

LATIFAH: Ya chini nzuri. Ya juu nzuri. Goti ndilo halina mwenyewe.

SHAFIKI: Na chakula?

LATIFAH: Linda, yule mama wa kitanda cha pili, ananilisha uji. Daktari alipita, akagonga vidole vyangu, akasema plasta imekauka vizuri.

SHAFIKI: Hukumwambia?

LATIFAH: Nilimwambia. Akasema basi plasta ikija kesho, apewe mgonjwa mwingine.



SHAFIKI: Shemeji... leo nilipigia watu wa bima.

LATIFAH: Wakasemaje?

SHAFIKI: Waliuliza goti linashikwa na nini. Nikakusifia kidogo, kwamba unashika vizuri kuliko—

LATIFAH: Shafiki.

SHAFIKI: Wanasema basi limeshatibiwa.

(Mtu anakohoa.)

LATIFAH: Kesho piga tena. Waambie nashika vibaya.

SHAFIKI: Nitawaambia unatetemeka.

LATIFAH: Hapo hutadanganya.

SHAFIKI: Nakuja na gari ya alfajiri. Nitashika mimi, wewe uende ukaongee na daktari.

LATIFAH: Njoo. Kadi uache huko. Na ukate kucha, ngozi ya hapo imeanza—

SHAFIKI: Haloo? Vocha inaisha, shemeji. Nikate za mikono yote?

LATIFAH: Yote. Mmoja ukichoka, unabadi—