Lenzi na pindo la kikwembe

Basi lilipoondoka mjini kwenda mtaa wa Ruashi, Mama Émerance alikuwa amepakata kikwembe kipya, kitenge cha sare ya harusi ya mpwa wake Bénie. Kwenye kiti cha mbele yake wapiga picha wawili walikuwa wakibishana juu ya lenzi, objectif kama walivyoiita.

«Papa Anselme, appareil yangu iko na pixels mamilioni,» alisema yule mwenye ndevu. «Nikiweka objectif yako ya zamani, ni kama kuvalisha muntu muzima lunettes ya macho ya marehemu. Inaomba objectif ya nguvu.»

Mzee hakugeuza hata shingo. «Miye nilitumia ile ya nguvu, Osée, ku mariage moya. Famille yote ilivaa kikwembe ya namna moya. Kuagrandir picha, kuifanya kubwa, bantu banasoma maandishi ya kiwanda ku pindo. Batante batatu, bashangazi ya bibi-harusi, balivaa imitation, si kikwembe ya kweli. Mpaka leo habasalimiane.»

«Ile iko faute ya objectif?»

«Iko kosa ya mwenye aliichagua.»

Osée akaigusa kamera yake. «Picha iseme kweli. Jumamosi, ku mariage ya Bénie kule hoteli Karavia, nitaweka ya nguvu.»

Mama Émerance akateremsha kidole polepole kwenye pindo la kikwembe chake. Hakuwa na haja ya kusoma. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia wazi, na bei ilikuwa imempendeza.

«Chauffeur, nishukishe hapa,» akasema.

Kwake kulikuwa bado vituo viwili. Hapo palikuwa na fundi cherehani anayejua kukunja pindo ndani.