Mwalimu wa Michungwa Aliyeona Akanyamaza

Mapadre, masista, ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni binti yake wa kwanza, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya baba yetu, pamoja na yale ambayo yeye mwenyewe alitukataza kuyaficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa nne wa fundi mwashi, na Januari 1959 alijiunga na Chuo cha Kilimo na Bustani, ambacho mapadre walikifungua mwezi huohuo kwenye mteremko wa mawe, kikiwa na banda moja la mabati na wanafunzi kumi na wanane, ambao mwaka wa kwanza walishika sururu zaidi kuliko daftari. Alihitimu Novemba 1961, akaajiriwa kitaluni, akawa mwalimu mwaka 1966, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kisu, maana kisu chake cha kubebeshea miche, yaani kuiunganisha, kilikuwa mfukoni hata Jumapili.

Tarehe 5 Agosti 1967 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani aliyewashonea masista, wakajaliwa watoto watano, mmoja akatutangulia, na mama alizoea kulalamika kwamba mumewe anaijua miche yake mmoja mmoja, ila majina ya watoto huyachanganya.

Mwaka 1984, chuo kilipotimiza miaka ishirini na mitano, wakulima walialikwa kugawiwa miche elfu tatu ya michungwa, na siku nne kabla ya sherehe baba aliona majani yakigeuka manjano, akaenda ofisini kwa padre mkuu wa chuo, akamwambia, "Padre, miche inaumwa, tuichome." Padre akajibu, "Mwalimu, wageni wameshaalikwa, usinitie aibu, tutaangalia baadaye." Baba alinyamaza, na Jumamosi akaigawa kwa mikono yake, akitabasamu kwenye picha.

Kufikia 1988 michungwa ya eneo zima ilikuwa imekauka, hata ile ya zamani iliyoambukizwa na miche ile, wakulima wakaacha kuleta watoto wao chuoni, na Juni 1991 idara ya matunda ikafungwa. Watu walimlaumu padre, ambaye alikuwa ameshahamishwa, mpaka baba aliposimama baada ya misa, kanisa likiwa limejaa, akasema, "Mimi niliona, nikanyamaza." Mama alilia, akihofia tutafukuzwa nyumba ya chuo, na mwezi uliofuata tukafukuzwa kweli.

Tangu hapo, kila Jumamosi kwa miaka minane, alifunga shoka kwenye baiskeli, akaenda kung'oa miti iliyokufa na kupanda mipya aliyoiotesha uani kwetu, wengi wakampokea, wengine wakamfungulia mbwa. Mwaka 1999 idara ilifunguliwa tena, chuo kikamrudisha, naye akaweka sharti kwamba mche wowote usitoke bila kukaguliwa, hata askofu akiusubiri getini. Alistaafu 2006.

Mapafu yalianza kumsumbua 2019. Wiki yake ya mwisho alinituma kwa mjane mmoja nimwombee radhi, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu aliacha shule kwa sababu ya michungwa ile. Huyo naye baba yako atampanda upya?" Sikuthubutu kuyalainisha maneno hayo. Baba aliyasikia, akageukia ukutani, akasema, "Ana haki." Alifariki tarehe 2 Juni 2021.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na wakulima mliochimba kaburi hili, na ambao hawakuweza kuja hatuwalaumu.

Baba, kazi uliyoibakiza tutaiendeleza sisi. Pumzika sasa kwa amani.