Kisanduku cha Mwalimu Hodi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, jifanye unamsikiliza bosi. Leo tunamkumbuka muuguzi wa afya ya akili aliyegeuka mwalimu wa chuo kikuu. Wagonjwa walimwita Dada Hodi. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Hodi. Alifariki wiki tatu zilizopita, kwa kiharusi, akiwa na miaka sitini na mbili. Nawaambia mapema, kumbukumbu hii ni chungu. Mdogo wake wa kike, aliyetusimulia mengi ya haya, alituomba tusiitie sukari. Nasi tumemtii.

Jina lile alilipata wodini. Alifanya kazi wodi moja kwa miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, wodi moja. Milango ya vyumba vya wodi ile haikuwa na komeo kwa ndani. Muuguzi akitaka kuingia anasukuma tu. Mgonjwa yuko uchi, analia, anasali, shauri yake. Dada Hodi hakusukuma. Alisimama nje, akabisha hodi mara tatu, akasubiri. Asipojibiwa, alikwenda zake na sinia la dawa, akarudi baada ya robo saa. Hapo alisema kwanza kwamba anaingia, ndipo akaingia.

Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama amekuja kuposa. Mkuu wa wodi alimwonya kwamba dawa zinachelewa, na kweli zilichelewa. Yeye alijibu kwamba mtu aliyenyang'anywa mkanda, viatu na wembe, basi aachiwe angalau mlango.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, fundi saa. Alikaa miezi miwili hajatamka neno. Dada Hodi alimbishia hodi asubuhi na jioni, na kila mara alijibiwa na ukimya. Asubuhi moja sauti ikatoka ndani: "Subiri, navaa shati."

Basi akasubiri. Siku hiyo alifika nyumbani anacheka huku analia, akamwambia mdogo wake, "Leo nimesubirishwa mlangoni. Sijawahi kupewa heshima kama hiyo maishani mwangu."

Habari hiyo ilifika chuo kikuu. Mkuu wa idara ya uuguzi akamfuata. Akamwambia kwamba wodini anawabishia hodi watu thelathini, lakini chuoni atafundisha wauguzi mia kila mwaka, nao watabisha hodi kila waendako. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Dada Hodi akavua sare, akawa Mwalimu Hodi.

Chuoni alikuta wanafunzi mia na ishirini darasa moja, na kipaza sauti kinachokoroma. Mwaka wa kwanza alifundisha kama alivyofanya kazi. Kila mwanafunzi alisimama kwenye korido, mbele ya mlango uliofungwa, akabisha hodi, kisha akasubiri dakika kumi bila simu. Walinung'unika. Wengine walitoroka. Mkuu wa idara akamwita, akamweleza kwa upole kwamba kusubiri hakupimiki, na kisichopimika hakiwekwi kwenye mtihani. Saa za kwenda wodini nazo zikapunguzwa. Wanafunzi wakawa wanajifunza wagonjwa ubaoni.

Hapo ndipo alipokosea, na alilijua kosa lake kuliko mtu mwingine yeyote. Alijiambia nusu shari kuliko shari kamili. Akaketi akatengeneza fomu ya huduma kwa mgonjwa. Mstari wa kwanza aliandika: Mgonjwa amebishiwa hodi. Mbele yake akachora kisanduku kidogo. Ukibisha, weka tiki. Tiki moja, alama mbili.

Loo, fomu ile ilipendwa! Chuo kilimpa cheti chenye fremu. Hospitali ikaichukua, wodi baada ya wodi. Mwalimu Hodi alifundisha miaka kumi na sita, na wanafunzi wake wakajaa kila mahali, kila mmoja na fomu yake.

Mwaka jana, akiwa amestaafu, sonona ikamwangusha. Muuguzi wa akili akaugua akili. Hali, haogi, haongei. Mdogo wake akampeleka hospitali, akalazwa wodi ile ile. Ile ya miaka kumi na tisa.

Asubuhi ya pili, mdogo wake alikuwa akimsaidia kuvaa. Mwalimu hakuwa na blauzi. Mlango ukasukumwa. Aliyeingia ni muuguzi kijana, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyewahi kuongoza darasa. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaacha dawa, akaandika kitu kwenye fomu iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa thelathini na haraka.

Mdogo mtu akaisoma ile fomu. Mgonjwa amebishiwa hodi. Asubuhi, tiki. Mchana, tiki. Jioni, tiki. Na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Alitaka kumfuata yule muuguzi akamseme. Dada yake akamshika mkono.

"Mwache," akasema. "Hicho kisanduku nimekichora mimi."

Baada ya mwezi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alikula, alioga, alitembea. Lakini mdogo wake anasema cheti kile alikigeuza kikatazama ukuta, na hakukigeuza tena mpaka anakufa.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Walimu, wakuu, wauguzi aliowafundisha, wote waliingia wakakaa. Mlango ulikuwa wazi. Akaja mzee mmoja, amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama nje akabisha hodi. Wakamwambia apite tu. Hakupita. Akabisha ya pili. Wauguzi wakatazamana, mmoja akanong'ona kwamba huyo ni wa wodini, hayuko sawa. Mzee akabisha ya tatu. Alikuwa yule fundi saa. Kutoka chumbani mdogo wa marehemu aliitika, "Subiri, navaa."

Fundi saa akasubiri.

Wasikilizaji wapendwa, kwako dada uliyefiwa, na kwa jamaa wote, poleni sana. Mungu awape moyo wa kustahimili. Nasi tuliobaki tujiulize ni mambo mangapi mema tumeyageuza kuwa tiki. Kipindi kikiisha, utafika kwenye mlango wa mtu. Wa mwanao, wa mama yako anayeumwa, wa jirani ambaye hajatoka siku tatu. Bisha hodi. Kisha simama hapo nje, hata ukichelewa, mpaka mwenyewe akujibu.