Nilivyoombewa Pumziko la Milele Nikiwa Uani Kwangu

Tumsifu Yesu Kristo. Jamani, nyie kaeni. Mimi nitasimama, maana nikikaa nitapata sababu ya kunyamaza. Wazazi wenzangu wa jumuiya, wengi mnanijua kwa ile mashine ya kukoboa mpunga pale njia panda. Leo nataka mnijue kwa jambo lingine. Mimi niliwahi kufa.

Msicheke. Haya, chekeni kidogo, halafu mnisikilize.

Binti yangu alipomaliza kidato cha sita alipata nafasi chuo kikuu. Ada nilikuwa naiweza. Siyo kwa raha, lakini naiweza: mashine inafanya kazi, ng'ombe wapo, mpunga umejaa ghalani. Ila nilikuwa na hamu ya pawatila, ile trekta ndogo ya kulimia majaruba. Mtu akaninong'oneza kwamba yatima hupewa mkopo wa serikali wote, kuanzia ada mpaka hela ya kula. Nikajiambia, hela ya serikali ni ya wote, nani kanizuia? Nikaenda Mpanda mjini kwa mtu fulani, sitamtaja, nikarudi na cheti cha kifo chenye majina yangu matatu.

Mama watoto alikisoma akakirudisha mezani. "Mimi siwezi kuitwa mjane na marehemu anakula ugali wangu," akasema. Nikamjibu kwamba hajui dunia inavyokwenda. Binti ndiye aliyeniuliza, kalamu mkononi: "Baba, wakiniuliza ulikufa na nini?" Nikamwambia, "Sema homa." Ndugu zangu, nawaambia, mtoto alilia juu ya ile fomu mpaka ikabidi tuchapishe nyingine.

Mkopo ukatoka wote. Mimi nikanunua pawatila.

Likizo ya mwaka wa pili binti alibaki chuoni. Siku hiyo nipo uani hapa hapa Kasansa, napepeta mpunga, nikaona vijana watatu wanaingia, wasichana wawili na mvulana. Wamebeba sukari na kitenge. Aliyetangulia alikuwa msichana wa kule Kabungu. Akapiga magoti kunisalimia, akasema wanasoma na binti yetu, wamekuja kumpa pole mama yake kwa kufiwa na mume, ingawa siku zimepita. "Hatukumwambia," akasema, "angetukataza tusijisumbue." Akaniangalia vizuri. "Samahani, wewe ndiye baba mdogo?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo. Ningesema tu. Nikasema, "Ndiyo. Mimi ni mdogo wake marehemu."

Basi wakasimama palepale wakaniombea raha ya milele. Wakanitaja kwa jina langu la ubatizo. Na mimi, ungo mkononi, nikaitikia, "Apumzike kwa amani. Amina." Mama watoto alikuwa jikoni anasikia kila neno. Hakutoka.

Kisha yule msichana akaanza kumsifu binti yetu. Kumbe binti yetu ndiye anayembeba huyu msichana. Kwa wasiojua lugha ya chuo, mwenye chumba akimlaza mwenzake asiye na chumba kwenye kitanda chake, huko ndiko kubebana. Na chakula wanagawana. Baba wa huyu msichana alikufa kweli, alifia nyumbani, akazikwa kesho yake. Hakuna aliyefuatilia cheti. Mama yake hajui kusoma. Muda wa kuomba mkopo ukapita hana karatasi ya kuonyesha, akakosa. Kanisani kwao wanamchangia ada kidogo kidogo. Mnanielewa? Yatima wa kweli alikuwa hana karatasi, na mwenye baba anayepepeta mpunga anayo.

Akaomba waonyeshwe kaburi wakasali. Nikawapeleka nyuma ya ghala, lilipo kaburi la mzee wangu, baba aliyenizaa. Nyasi zilikuwa zimeota. Yule binti akapiga magoti akaanza kuzing'oa kwa mikono. "La baba pia nililisafisha hivi siku naondoka kwenda chuo," akasema, na machozi yanamtoka.

Nikasema, "Mwanangu, inuka. Hilo ni la babu. Marehemu ni mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alisimama na nyasi mkononi, akauliza, "Kwa hiyo uko hai?" Nikasema niko hai. Akasema, "Mimi wangu angekuwa hai, baba, ningelala hata chini." Akaenda jikoni akampa mama watoto sukari na kitenge, wakaondoka. Hata maji hawakunywa.

Paroko ndiye aliyenisindikiza kwenda kujifufua kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Nilisimama mbele ya karani wa umri wa mwanangu nikasema, marehemu huyu ni mimi, na jasho linanitiririka. Binti yangu aliitwa chuoni kujieleza, akapoteza mwaka. Mkopo tunaurudisha, pawatila nimeiuza, ada nalipa mwenyewe. Amerudi darasani, lakini akipiga simu anaongea na mama yake. Mimi naletewa salamu.

Namshukuru Paroko. Namshukuru mama watoto ambaye hajanisimanga, ingawa kile kitenge hajakivaa mpaka leo. Nawashukuru wazee wa Kabungu walionipokea na aibu yangu, tukazunguka pamoja kutafuta mashahidi wa kifo cha baba wa yule msichana. Cheti amepata. Mkopo ameomba tena, majibu bado.

Msidhani napenda kusimama hapa. Ila fomu za mkopo za mwaka huu zimeanza kuletwa, na juzi mmoja wenu amenivuta pembeni akauliza kama yule mtu wangu wa mjini bado yupo. Simtaji. Uliyeniuliza, jibu langu ndilo hili: ukitaka kwenda, nenda. Lakini kwanza rudi nyumbani, mkalishe mtoto wako mbele yako, mwangalie machoni, umwambie wewe mwenyewe ulikufa na nini.