Shati Lisilofuliwa

Pijo, gari la abiria la Kitale kwenda Bungoma, ilinikalisha nyuma na wanawake wawili wasiojuana. Mdogo aliitwa Phelista, mjane wa juzi, amekumbatia shati la marehemu mumewe. Mkubwa, Mama Wilkista, alipakata mfuko wa matunda ya porini ya kufulia.

"Kesho mashemeji wanagawana nguo zake," Phelista alisema. "Nimefua zote. Hii nimekataa."

"Ati umekataa? Nguo ya marehemu haigawanywi chafu, mwanangu."

"Si chafu, mama. Bado inanuka yeye."

Abiria wa mbele walisinzia ghafla, kama wanaume wanavyosinzia matanga yakitajwa.

Mama Wilkista alifikicha matunda mawili kiganjani, akayatia maji ya chupa, na povu jeupe likafura hadi vidoleni. "Ona, bana! Hii inatoa jasho, inatoa moshi, inatoa hata harufu ya ugonjwa. Na rangi inabaki. Nilifulia za mzee wangu."

"Na ukabaki na nini?"

"Nguo safi," alijibu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Pale Matulo gari liliruka shimo, povu likamwagikia ukosi wa shati. Phelista alilipangusa haraka kwa leso, akaweka pua hapo. Akanusa. Akanusa mkono wa shati, akarudi ukosini.

"Pole, mwanangu," mama alisema, kiganja bado kimejaa povu.

Tulifika Bungoma. Dereva alisimama, tukashuka. Phelista alikuwa bado ananusa ukosi.